Mtumiaji Mmoja

Sundsvall, Jumapili, mwishoni mwa Oktoba

Kwako Dada Gunnel,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku pwani. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, na kwamba magoti yamekupa nafuu kidogo sasa baada ya wale madaktari kukukanda. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Maj anakusalimu sana. Amemaliza kupika jamu ya matunda ya msituni na amekutengea chupa zako, ila nitazileta mwenyewe, maana tukikutumia kwa posta utapiga simu kusema tumejisumbua. Paka yupo, mzee sana, na bado ananichukia.

Najua umeshangaa kupapasa karatasi yenye nukta kutoka kwangu. Mara ya mwisho kukuandikia hivi ulikuwa bado shule ya bweni ya wasioona kule Stockholm, nami nilikuwa mtoto wa kukupasha habari za mbwa na za nani kaanguka kwenye barafu. Kile kibao cha chuma na msumari wake nimevikuta darini, ndani ya sanduku la mapambo ya Krismasi. Mkono umesahau, Dada. Nilikuwa sikumbuki hata kwamba unachoma kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na karatasi mbili za kwanza nimezitupa. Ukikuta neno limeharibika, nicheke kama ulivyokuwa ukinicheka, kisha uendelee.

Ningeweza kukuandikia barua pepe. Lakini barua pepe ungesomewa na ile sauti ya mashine, ambayo inasoma habari za msiba na bili ya umeme kwa mdomo uleule. Haya nataka uyasome kwa vidole vyako, taratibu, na uweze kurudia pale utakapotaka kunitukana.

Uliponipigia simu wiki ile kuniambia umeandika barua ya kuacha kazi, nilikupongeza. Kila nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilisema hongera, sasa utapumzika. Ukasema ndiyo, umechoka tu, magoti, umri, na ofisi ipate mtu mwepesi zaidi. Nikakuuliza kama ni kwa sababu ya programu yetu mpya. Ukacheka, ukasema, "Wewe naye! Kila mtu hapa anaisifu. Usijisumbue na mimi." Nikashukuru, nikakata simu, nikatoka nje kufagia majani. Yaani nilishukuru kudanganywa, na nilijua nadanganywa.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo, ingawa unayajua mengi. Unakumbuka nilivyokutengenezea kile kitufe. Ulikuwa umepata kazi katika ofisi ya huduma za wazee hapo Granvika, kupokea barua pepe za wauguzi na za watoto wa wazee na kupeleka kila moja kwenye faili lake. Watu walinong'ona kwamba hutaweza. Nikakaa nikakuandikia programu jalizi, kile kijiprogramu kinachopachikwa ndani ya programu ya barua pepe, kwa Visual Basic, lugha ya kompyuta niliyokuwa naijua kama jina langu. Ukibonyeza mara moja kinakutajia nani kaandika na ni habari za mzee yupi. Ukibonyeza tena, barua imekwenda mahali pake. Ulinipigia simu siku ya kwanza kuniambia umemaliza kazi yote ukawa huna la kufanya, ukaomba upewe na ya jirani.

Kampuni yetu ikakipenda. Tukatoa ile sehemu ya kupanga barua tukaiuza kwa ofisi nyingine, nyingi, na ndiyo iliyotulisha miaka yote hii. Sehemu ya sauti ilibaki humo ndani, haikuwa inamdhuru mtu. Ofisini hakuna aliyejua ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Wewe ulichukua jina la marehemu mumeo Halvar, mimi nikabaki na la Baba, na sote wawili si watu wa kujitangaza.

Sasa, mwaka jana wenye programu ya barua pepe walitoa toleo jipya ambalo halitapokea tena programu jalizi za lugha ya zamani. Hawakutufukuza siku hiyohiyo, walitupa muda wa kutosha. Swali likawa moja: tuhame kwa mkupuo, tuandike kila kitu upya kwa lugha ya siku hizi, au tuhame polepole huku tukiiacha ile ya zamani iendelee kwa wanaoihitaji?

Aliyekuwa mbele kudai tuhame ni Tuva, yule binti wa kutoka Luleå niliyewahi kukusimulia, anayekunywa chai katikati ya watu wa kahawa na haoni aibu. Ni fundi kwelikweli, na ulimi wake hauna breki. Alikuwa akifungua kazi yangu ya zamani anaita watu: "Njooni muone! Sixten, hii si programu, hii ni makumbusho. Tuanze kukata tiketi." Nami namjibu kwamba makumbusho hayo ndiyo yaliyomnunulia kiti alichokalia. Tunacheka. Lakini hoja zake zilikuwa za haki, Dada. Lugha mpya inakubali hadi kwenye simu. Hakuna tena mtu kuendesha gari kwenye theluji kwenda kuirekebisha kwenye kompyuta moja moja. Vijana hawajifunzi tena ile yangu, na siku nikistaafu hakuna wa kuigusa. Yote yalikuwa kweli, na mimi mwenyewe niliyakubali.

Ila lugha mpya ina ubaya wake. Programu jalizi zake zinakaa kwenye kidirisha cha pembeni na hazipewi ruhusa ya kushika vitufe vya kompyuta jinsi ile ya zamani ilivyokuwa ikishika. Mtu anayeona anapeleka mshale, anabonyeza, basi. Asiyeona lazima akitafute kidirisha chenyewe kwanza, tena kwa kila barua, na pengine asikipate. Hilo nililijua kabla ya mtu yeyote pale.

Tulikutana kwenye kahawa ya asubuhi, siku moja kabla Yngve hajaondoka kwenda kuwinda. Unamjua Yngve, mkubwa wetu, hawezi kuchagua hata rangi ya pazia bila kuzungusha meza nzima, kila mtu aseme lake mpaka tukubaliane. Siku hiyo alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya porini na roho yake ilikuwa msituni kwa kulungu. Tuva akasoma orodha ya mambo ambayo lugha mpya haitayaweza, na kila moja akataja watu wangapi wanalitumia. Akafika kwenye sauti. Akasema, "Mtumiaji mmoja."

Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya. Yngve akauliza kama kuna anayejua ni nani, na kama anaweza kuishi bila hiyo. Akazungusha macho, yakanifikia mimi.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua birika nikaenda jikoni kutengeneza kahawa nyingine.

Nilijiambia kwamba nafanya kama Baba. Unakumbuka ule mkutano wa wenye barabara, walipokuwa wakiamua gari la kusukuma theluji lianzie njia ipi? Baba ndiye alikuwa mwenyekiti. Kwa kuwa njia mojawapo ilikuwa yetu, alimwachia mwingine kiti, akatoka nje, akasimama kwenye baridi kofia mkononi mpaka walipomaliza. Wakatuweka wa mwisho. Majira yote ya baridi tulipasua theluji kwenda kituo cha basi, wewe umeshika bega langu, umezama mpaka mapajani. Baba alijivuna kwa jambo lile hadi anakufa. Mama ndiye alikuwa akisema, akisukuma viazi kwenye sufuria kwa hasira, kwamba uadilifu wa mumewe tunautembelea sisi kwa miguu.

Niliporudi na kahawa jambo lilikuwa limeisha. Tunahama kwa mkupuo. Hakuna aliyepinga, nami pia sikupinga. Yngve akaniambia asante kwa kahawa, akaenda zake porini.

Majira ya kuchipua tukaizima ile ya zamani kwenye ofisi zote. Nilikupigia simu, kumbuka, nikakuuliza inaendaje. Ukasema unazoea. Nikakuuliza tena siku ya sherehe ya katikati ya kiangazi, tukiwa tunamenya viazi vipya, ukasema usianze mambo ya kazi sikukuu. Nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Sasa nikueleze ambacho hukijui. Jumatano iliyopita nilikuja Granvika. Ndiyo, nilikuja na sikukupitia, wewe ulikuwa kwa daktari wa magoti na mimi nilikuwa na safari ya kurudi. Nilitumwa kumfundisha yule mkuu wenu mpya. Wakati wa kahawa nikakaa na mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikuwa Lillemor wenu. Nikamuuliza, kama muuzaji anavyouliza, kama wanaipenda programu.

Akasema wao wengine wanaipenda sana. Kisha akaweka kikombe chini. "Lakini nyie watu wa Sundsvall, Mungu anawaona. Mmemmaliza Gunnel wetu."

Akaendelea mwenyewe. Akasema kuna mwenzao asiyeona ambaye alikuwa akimaliza barua za asubuhi kabla yeye hajaipata miwani yake. Barua ya mzee fulani ikipotea, walikuwa wakimuuliza yeye. "Sasa ananisubiri mimi. Nakaa ubavuni pake namsogezea kidude chenu, barua moja, nyingine, kama namlisha mtoto uji. Na kila barua ananiomba radhi. Samahani Lillemor, samahani kwa usumbufu. Mimi sisumbuki! Ila yeye anakonda. Nimemkuta chooni analia, ananiambia ni mafua. Mafua gani ya mwezi wa saba?"

Nikamuuliza kwa nini mwenzao huyo hakulalamika. Lillemor akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jiwe halitembei. "Gunnel? Alalamike? Mkuu alimuuliza kwenye kikao, mbele yetu, kama ana shida. Akasema yeye asiwe sababu ya kuwachelewesha wenzake. Wewe humjui Gunnel, baba."

Aliniambia sikujui, Dada. Nami nikamwitikia kwa kichwa, nikamaliza mkate wangu wa mdalasini, nikamwambia asante kwa maoni. Kwenye gari, kote njiani, nilishindwa hata kuwasha redio.

Kesho yake nilimweleza Tuva. Nilimkuta peke yake, nikamwambia yule mtumiaji mmoja ni nani. Nilidhani atanihurumia. Aligeuza kiti akanitazama. Akasema, "Ulijua? Ulikuwa unajua ni mtu asiyeona, tena ni dada yako, ukaenda kuchemsha kahawa?" Akasema yeye alidhani mtumiaji mmoja ni mtu aliyegusa kile kitufe kwa bahati mbaya. Akasema kama ningetamka neno, angeacha ile ya zamani kwenye kompyuta yako mpaka apate njia ya kuifanya kwa lugha mpya. "Ni kompyuta moja, Sixten. Moja! Mimi si mnyama."

Nikamsimulia habari za Baba na barabara, kwamba kwetu mtu hamsemei ndugu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akasema hakuna aliyeniomba nipige kura. Niliombwa kusema ninachokijua.

Dada, hapa ndipo nilipotaka kufika, na nimezunguka mno, na vidole vinaniuma. Ile habari ya Baba niliyompa Tuva ilikuwa nusu ya ukweli. Na hata nilipokuwa jikoni nikisubiri kahawa ichuje nilijua ni nusu.

Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mzee. Kila mtu pale mezani alijua Sixten ni mtu wa lugha ya zamani. Lugha mpya nilikuwa sijaishika. Nilikuwa naisoma nyumbani kwa siri, nakosea mambo ambayo Tuva anayafanya huku anapiga soga. Kama ningesema tusizime bado, nina sababu, nilijua wangefikiria nini: huyo, anang'ang'ania makumbusho yake, na sasa anamtumia dada yake asiyeona kama kisingizio. Niliisikia sentensi hiyo masikioni ingawa hakuna aliyeisema. Nikachagua kuonekana mwadilifu na mtu wa kisasa, vyote kwa birika moja la kahawa. Wewe ndiye uliyelipa.

Baba angalau alisimama kwenye baridi. Mimi nilisimama jikoni, kwenye joto.

Nimemwambia Yngve yote. Alikuna shingo, akasema mbona hukusema, akasema tena mbona hukusema. Ofisi yenu imekubali ile ya zamani irudishwe kwenye ile kompyuta yako, lakini barua yako wamekwisha kuipokea na atakayekaa kwenye kiti chako anaanza mwezi ujao. Nilimwomba mkuu wenu. Alinijibu kwa upole kwamba Gunnel mwenyewe aliandika anaondoka kwa furaha. Hilo, Dada, siwezi kulirudisha, wala zile asubuhi za kukaa kama mtoto anayelishwa. Nimelitafutia njia nimekosa.

Tuva ameanza kuiandika sauti kwa lugha mpya. Hakuambiwa na mtu. Anasema kuna mlango mdogo wameuacha wazi na anaweza kupita kiubavu, na kwamba lazima wapo wengine wasioona katika ofisi nyingine ambao hawakuwahi kujua kuna kitufe kama kile, kwa sababu sisi hatukuwaambia. Anataka mtu wa kukaa naye amwambie wapi panakwaza. Ameniambia nikuulize kama utakuja, naye atakuja kukupokea kituo cha treni mwenyewe. Anasema nikuambie hapendi watu wapole, wanamchelewesha. Unaweza kukataa. Una kila haki ya kukataa. Ninachoomba ni ukatae kwa kuwa hutaki, lisiwe tena lile la kutotaka kumchosha mtu.

Na kwangu mimi pia usiwe mpole. Ukinijibu kwamba ni sawa tu, yamepita, sitakuamini, na nitabaki nalo mpaka nife. Nikemee. Niambie kulikuwaje kule chooni. Nilikuwa bega lako kwenye theluji, Dada, na siku moja nikajiondoa bila kukuambia, ukaendelea kutembea ukidhani nipo.

Nisalimie majirani, na yule mbwa wao anayekupenda kuliko wenyewe. Lillemor usimwambie mimi ni nani mpaka nije nimwombe radhi mwenyewe. Nadhani atanipiga kwa miwani yake. Maj anasema kitanda cha chumba cha juu kimetandikwa, na njia ya kutoka kituoni hadi kwetu nitaisukuma theluji mimi, ikianguka.

Tangu utotoni barua zetu zote, zako na zangu, zinafungwa kwa maneno yaleyale, kwamba usijisumbue kujibu. Mama alitufundisha hivyo tukaona ni adabu. Leo siyaandiki. Jisumbue, Dada. Na mimi nisumbue.

Ni mimi mdogo wako,
Sixten